"Kubali Yaishe": Ubaguzi, Polisi na Jukumu Letu Wenyewe

(Maandishi ya mada iliyotolewa mbele ya vijana wetu wa Migori na Homa Bay. Wengi mliokosa kufika mmeomba tuiweke hapa kwa ukurasa. Tumepunguza marudio tu, mengine tumeyaacha yalivyosemwa.)



Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mliokubali kukaa nyuma ili vijana wakae mbele, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Najua wengine mmetoka Isebania alfajiri, wengine Kendu Bay, wengine mmevuka kutoka upande wa Mbita. Sitawachosha na utangulizi.

Kila tukizungumza mambo ya polisi na mahakama, misikitini kwetu husikika sauti mbili. Ya kwanza ni ya wazee: kijana, shika dini yako, kaa mbali na makosa, hakuna atakayekugusa. Ya pili ni yenu nyinyi: hawa watu wanatuonea tu, ukiitwa Abdi umeshahukumiwa. Nimezisikia zote mbili mpaka nimezikariri. Kila moja ina ukweli ndani yake, na kila moja ina mahali inapodanganya. Hapo inapodanganya ndipo vijana wetu wanapopotelea.

Nianze na ya wazee, kwa heshima.

Mwezi wa Juni mwaka 2025, siku zile zile za Idi ya kuchinja, kijana mmoja mwalimu anayeitwa Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao hapa Homa Bay. Hakushikwa na bunduki wala na mali ya wizi. Lilikuwa ni jambo la maandishi mtandaoni yaliyomhusu afisa mkubwa wa polisi. Akasafirishwa mpaka Nairobi, safari ya saa nyingi, akawekwa katika seli ya kituo cha Central. Alikamatwa tarehe 7, na tarehe 8 alikuwa maiti. Mwanzo tukaambiwa aligonga kichwa chake ukutani mwenyewe. Madaktari walipopasua mwili wakakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na alama nyingine mwilini ambazo mtu hajifanyii. Watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, wakakana. Hiyo ni kazi ya mahakama, sitaiingilia.

Albert hakuwa Muislamu. Namtaja kwa makusudi, maana kuna watu wakisikia tunasema haki za Waislamu wanadhani tunajililia peke yetu. Baba yake alimtoa mtoto nyumbani akiwa hai, mbele ya macho yake. Huyo mzee utamwambia nini? Utamwambia mtoto wake angekaa mbali na makosa?

Na kwetu sisi lipo la zaidi. Aprili 2014 serikali ilifanya msako ulioitwa Usalama Watch. Eastleigh ilizingirwa, maelfu ya watu wakabebwa, wengi wao Wasomali, wakajazwa uwanja wa Kasarani kama mifugo inayosubiri mnada. Walikuwemo Wakenya wenye vitambulisho mfukoni. Na Wanubi nao, ambao mababu zao waliletwa na Mwingereza wakiwa askari wake kutoka Sudan, wamezaa wajukuu na vitukuu hapa, lakini kijana wa Kinubi akifika miaka 18 akawa anaitwa mbele ya kamati athibitishe kwamba yeye si mgeni. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto ilisema wazi kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Februari 2025 ndipo Rais akatangaza mwisho wa huo mchujo wa ziada. Hesabu miaka hapo katikati. Na bila kitambulisho, msako ukipita, wewe ni wa kwanza kupandishwa Mariamu.

Tena tusidhani ni dini peke yake. Hapa kwetu kila kabila lina shtaka lake lililoandikwa tayari, kinachosubiriwa ni mtu wa kulijaza jina. Mkuria ni mwizi wa ng'ombe. Mjaluo ni wa kurusha mawe. Msomali ni Al-Shabaab, na kama si Al-Shabaab basi ana pesa, na kama ana pesa basi akamuliwe. Anaitwa "warya" barabarani hata kabla hajaulizwa jina. Na Mjaluo aliyesilimu je? Huyo anapata yote mawili. Anaulizwa wewe Odhiambo, hii kofia ulivishwa na nani, umefunzwa wapi? Kama kwamba Uislamu ulifika Nyanza jana na basi la usiku, wakati watu wa Kendu Bay wanaswali pale kwa miaka mia na zaidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema hakuna kubaguliwa kwa rangi, kwa kabila, kwa dini, wala kwa mavazi. Ndiyo, mavazi yametajwa. Dada aliyevaa niqabu na kaka mwenye kanzu wamo ndani ya hicho kifungu. Kwa hiyo mzee wangu, nasihi yako ya dini ni nzuri, iendelee. Ila usimwahidi kijana kwamba akiwa safi hataguswa. Siku atakapoguswa akiwa safi, ataona umemdanganya, na pengine atadhani na mengine uliyomfundisha yalikuwa ya uongo. Kuna watu wanamsubiri kijana hapo hapo, na hao hawamtakii mema.

Sasa nije kwenu vijana. Hapa nitakaa kidogo.

Tuseme kijana ana miaka 19, anaendesha bodaboda, ameshikwa jioni. Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku wanayoipenda, wikendi hakuna mahakama. Analala ndani siku tatu. Hajui ameshikiwa nini. Jumatatu asubuhi, kabla hajapandishwa kizimbani, mtu anamnong'oneza: bro, kubali yaishe. Ukikataa utarudishwa rumande, kesi itaenda mwaka mzima. Ukikubali, hakimu atakutoza faini ndogo, utoke leo. Wakati mwingine anayenong'ona ni askari. Wakati mwingine ni mahabusu mwenzake. Na mara nyingi, subhanallah, ni mjomba wake aliyekuja na hiyo faini mfukoni.

Basi anasomewa shtaka, anasema maneno mawili: "Ni kweli." Anasomewa maelezo, anasema tena: "Ni kweli." Faini inalipwa, anatoka, watu wanasema alhamdulillah.

Miaka miwili baadaye amepata nafasi ya kazi Qatar au Dubai, au ya ulinzi hapa hapa kwenye kampuni. Anaambiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema. Anaenda kuweka vidole. Yale maneno mawili yanamsubiri pale.

Na rufaa? Mtu aliyekubali kosa mwenyewe, sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au haikuwa halali. Kusema "sikufanya" mlango huo umeshafungwa, isipokuwa uonyeshe kwamba huko kukubali kwenyewe hakukuwa kukubali. Na hapa nataka mjue jina moja. Kuna kesi ya Adan, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mpaka leo mahakimu wa Kenya wanaifuata. Kesi hiyo ndiyo iliyoweka utaratibu: shtaka lisomwe na lielezwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe iwezekanavyo, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akiongeza neno linaloonyesha hakukubali kweli, hakimu anatakiwa aandike kwamba amekataa.

Kwa hiyo ukiulizwa mahakamani unaelewa lugha gani, usione haya. Sema Kidholuo. Sema Kikuria. Sema Kisomali. Kuna vijana wanasema Kiingereza ili waonekane wamesoma, halafu wanakubali jambo wasilolijua. Na ukisomewa maelezo kwamba ulikutwa na kitu fulani na hukukutwa nacho, sema hapo hapo, kwa adabu, kwa sauti ya kusikika: mheshimiwa, hilo si kweli.

Hii ndiyo sehemu ya jukumu letu ambayo hakuna polisi anayeweza kutunyang'anya. Tunalalamika mfumo unatuandikia makosa, na sisi tunatia sahihi! Muislamu amekatazwa kutoa ushahidi wa uongo, sote tunajua. Sasa ukisema "ni kweli" juu ya jambo ambalo si kweli, umetoa ushahidi wa uongo juu ya nafsi yako. Umejishuhudilia mbele ya hakimu, na ukaenda kuswali Adhuhuri.

Najua mtaniambia rumande si mchezo. Kweli, si mchezo. Ndiyo maana Katiba kifungu cha 49 kipo. Uambiwe sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Unyamaze ukitaka. Uongee na wakili. Usilazimishwe kukiri. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha siku ambayo korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Uachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya haki, ila kama kuna sababu nzito ya kukuzuia. Na kuna kipengele watu wengi hawakijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, huwezi kuwekwa rumande kwa ajili yake. Rudieni hilo. Yule kijana wa bodaboda aliyetishwa na rumande, huenda hata rumande yenyewe haikuwa halali. Alitishwa na simba wa karatasi.

Mwaka 2017 ulitolewa ukaguzi wa mfumo mzima wa haki za jinai Kenya, uliosimamiwa na baraza la wakuu wa mahakama, polisi, magereza na waendesha mashtaka wenyewe. Ulichoonyesha ni kwamba mzigo mkubwa wa mfumo huu unamwangukia maskini, anayekamatwa kwa vijikosa vidogo vidogo. Sikuhitaji ukaguzi kunieleza. Kaa siku moja kwenye benchi la korti yoyote huku kwetu uhesabu viatu. Utaona ndara nyingi.

Haya, sasa kuna upande wa pili, nao ni mchungu.

Mnampenda Malcolm X, naona hata fulana mmevaa. Hebu tumsome vizuri. Mwaka 1946 Malcolm alifungwa huko Massachusetts kwa kuvunja nyumba na kuiba. Alipewa miaka minane hadi kumi, akiwa na miaka 20. Alisema maisha yake yote kwamba ile adhabu ilizidishwa kwa sababu wizi huo alishirikiana na wanawake wazungu, na hilo ndilo lililowakera zaidi wenye kuhukumu. Lakini hakusema kwamba hakuiba. Aliiba, na alisimulia alivyoiba. Ameonewa na amekosa, mtu mmoja, kesi moja. Yeye aliyabeba yote mawili bila moja kulifuta lingine, na humo gerezani ndimo alimoanza safari iliyomfikisha Makka. (Na kwa wale wasiojua, alifika mpaka Nairobi mwaka 1964, akakutana na Pio Gama Pinto. Februari 1965 wote wawili waliuawa kwa risasi, wakipishana siku tatu.)

Sisi tukikamatwa tunachukua nusu yake ile tamu. Kijana amebeba bangi kutoka mpakani, amelipwa, alijua anachobeba. Ameshikwa. Tunapiga simu: sheikh, wanatuonea sisi Waislamu. Hapana. Siku hiyo umeshikwa na bangi. Ukipigwa ndani ya seli, tutasimama na wewe, maana hakuna kosa linalohalalisha kipigo, na mateso Katiba imeyakataza bila kuacha mwanya wowote. Ukihukumiwa zaidi ya mwenzako kwa sababu ya jina lako, tutasimama na wewe. Lakini hatutasema haikuwa bangi.

Na liko zito kuliko bangi. Wazee, nisameheni, nitalisema. Mtoto wa kike ameharibiwa na mtu anayejulikana, mtu wa jamaa, labda mwenye duka, labda mtu anayeswali safu ya mbele. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inasema kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Sasa linatokea nini? Kikao kinakaa usiku. Inasemwa tusipeleke aibu ya Waislamu kwa makafiri. Inasemwa polisi wanatuchukia, wakimpata mtu wetu watammaliza. Inatolewa pesa kwa baba wa mtoto, wengine hata wanazungumza ndoa. Kesho yake asubuhi yule mtoto anapita mbele ya duka lile lile akienda madrasa.

Hapo ubaguzi wa polisi, ambao ni kweli upo, umegeuzwa pazia. Na nyuma ya pazia kuna mtoto.

Turudi Madina kidogo. Wafasiri wa Qur'ani wanasimulia juu ya aya za Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105 na kuendelea. Kulikuwa na ukoo katika Answari, watu wa Ubayriq. Mmoja wao aliiba deraa, nguo ya chuma ya vitani, na katika mapokezi mengine pamoja na chakula. Ilipoanza kutafutwa, lawama ikatupwa kwa mtu mwingine, na katika mapokezi mashuhuri mtu huyo alikuwa Yahudi. Ukoo ukajipanga. Wakaja kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, wakamtetea mwenzao kwa ufasaha: huyu ni Muislamu, ni mtu wa nyumba njema, vipi asingiziwe? Ushahidi wa nje ulikuwa unamwelemea yule Yahudi. Basi zikashuka aya. Zikamsafisha Yahudi, zikamfichua Muislamu, na Mtume mwenyewe akaambiwa asiwe mtetezi wa wahaini.

Fikirieni wakati wenyewe. Waislamu ni wachache, wana maadui kila upande, na Mayahudi wa Madina wako kwenye mvutano nao. Kama kungekuwa na siku ya kusema tufiche aibu yetu maadui wasitucheke, ingekuwa siku ile. Haikusemwa hivyo. Na aya hizo tunazisoma mpaka leo, kila Ramadhani tunapita hapo katika Tarawehe, wengi wetu tukiwa tunasinzia.

Angalieni na upande mwingine wa kisa hicho hicho. Yule Yahudi alikuwa nani kwa mfumo wa siku ile? Alikuwa mtu ambaye jina lake lilitosha. Alikuwa ndiye "warya" wa kisa. Kwa hiyo aya moja inawakemea polisi wanaokamata kwa sura, na inatukemea sisi tunaoficha wetu. Hatuwezi kuwasomea wale nusu ya kwanza na kuiruka ya pili.

Na sisi wenyewe kwa wenyewe, tumesalimika? Kuna ndugu kwenye maduka yetu akipotelewa na simu, wa kwanza kushukiwa ni yule kijana Mjaluo anayefagia, hata kama ameswali naye Alfajiri. Anaitwa askari, anapewa kitu kidogo "amshughulikie". Huyo mwenye duka ndiye huyo huyo atakayekuja hapa kulalamika kwamba askari wanachukua rushwa kuwaonea watu. Askari amefunzwa na nani kwamba haki inanunuliwa? Hiyo hongo tunayotoa barabarani Isebania ili tupite haraka, ndiyo bei atakayotozwa kesho yule asiyekuwa nayo.

Basi, yale tuliyokubaliana na kamati niyataje, halafu nikae.

Kila msikiti utoe vijana wawili, mvulana na msichana, wa kwenda korti siku za kusomwa mashtaka. Wakae tu kwenye benchi, waandike. Mtu akiona anaangaliwa hufanya kazi yake vizuri zaidi, awe karani, awe askari. Mtu wetu akikamatwa, wa kwanza kufika kituoni aulize nambari ya OB na jina la afisa, aandike saa. Dhamana ya polisi ya kuandikisha ni bure. Ukitoa pesa taslimu za dhamana dai risiti, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Malalamiko juu ya polisi yapelekwe IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza iliyoundwa kwa sheria ya 2011, simu yao ya bure ni 1559. Sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2016, wasio na wakili wasikae kimya.

Ramadhani tunapeleka futari gereza la Homa Bay na la Migori, na ni vizuri. Mwaka huu tupeleke na kalamu. Tuulize nani yuko rumande muda mrefu kwa sababu alikosa mdhamini tu. Atakayekutwa, awe Muislamu asiwe Muislamu, jina lake liandikwe. Mzee wetu mmoja ameshasema hati ya shamba lake iko tayari kwa mdhamana wa kwanza, Mwenyezi Mungu ambariki.

Na kesi za watoto hazikai tena kwenye kikao cha usiku. Imamu akiletewa, jibu lake ni moja: hospitali kwanza, kabla mtoto hajaogeshwa, halafu kituo cha polisi. Kama askari wa zamu anakejeli familia kwa dini yao, mtu wetu yuko pale anaandika kejeli hiyo pia. Yote mawili yaandikwe.

Naona mikono imeanza kuinuka. Tuanze na dada pale karibu na dirisha, halafu yule kaka wa bodaboda aliyekuwa akitikisa kichwa nilipotaja Ijumaa.